Siku Tuliyokutana Haikuwa Yangu Peke Yangu

Jumapili, alasiri. Makanyagio, Mpanda.

Mvua ilianza tulipokuwa tunatoka misa ya pili na haijaonyesha nia ya kuacha. Bati linapigwa mpaka nimezima redio, maana hata nikiongeza sauti siambulii kitu. Nimekaa karibu na mlango na kikombe cha chai ya tangawizi, nimejifunga kanga niliyotunzwa siku ya kuagwa kwetu, naangalia maji mekundu yanavyokimbia barabarani na vijana wa bodaboda waliojibanza kwenye kibaraza cha duka la jirani.

Shajara yangu, nimeolewa. Najua nilishakwambia. Nitakwambia tena na tena mpaka uchoke.

Bado sijazoea kusema "mume wangu" bila kutabasamu. Juzi alipita mtu anauza mkaa, akauliza kama nachukua gunia. Nikamwambia ngoja mume wangu arudi. Mkaa naujua mimi, jiko langu mimi. Nilitaka tu kulitamka lile neno mbele ya mtu.

Mume wangu anaitwa Shija. Ni Msukuma mrefu, wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao akiwa bado anabebwa mgongoni. Ni askari wa dawati la jinsia na watoto. Nyumbani ananisaidia kuosha vyombo huku amefunga mlango ili majirani wasimwone, halafu anaimba kwa sauti kubwa ili wamsikie. Mama yake ananifundisha salamu zao kwa simu, kila nikikosea anacheka mpaka anakohoa, na mimi nakosea kusudi nimsikie akicheka.

Ningependa leo niandike hayo tu. Ninayo ya kujaza wiki nzima. Lakini katika chumba cha pili amelala Skola, mtoto wa mama yangu mdogo, na siwezi kuandika juu ya furaha yangu leo bila kumwandika yeye. Skola si jina lake. Nimemuuliza kabla sijaanza. Akasema andika, ila jina nichague mwenyewe, na kituo usikitaje. Sikitaji.

Nianze na mafunzo.

Wiki hii iliyoisha Shija alikuwa darasani hapahapa mjini. Mahakimu, waendesha mashtaka, polisi na maafisa ustawi wa jamii, wote ukumbi mmoja, wanafundishwa namna ya kushughulikia ukatili wanaofanyiwa wanawake na watoto mtandaoni. Picha za siri zinazosambazwa, vitisho, watu wazima wanaojifanya watoto ili wapate kuongea na watoto. Kila jioni alinisimulia, na mimi nilisikiliza nikiwa nimeshika tama kama mtoto anayesimuliwa hadithi.

Siku ya kwanza mwalimu wao, mama mmoja wa sauti ya chini, aliwaambia kila mtu atoe simu yake, aifungue, ampe aliyekaa kushoto kwake aiangalie kidogo. Hakimu mmoja mtu mzima akaiingiza simu yake mfuko wa ndani wa koti, akafunga na kifungo. Mwendesha mashtaka akasema ya kwake imekufa betri, na hapohapo ikaita. Watu wakacheka sana. Mwalimu akawasubiri wamalize, ndipo akauliza: "Sasa binti akifika kaunta kwenu mnamwambiaje? Si mnamwambia lete tuone?"



Nilimwomba Shija anisimulie hiyo mara ya pili. Niliipenda kwa sababu mapenzi yetu yalianzia hapo, kwenye kaunta, juu ya simu.

Ilikuwa kiangazi, vumbi limeshika mpaka kope. Skola alikuwa ameachana na kijana waliyekuwa wanapendana, na yule kijana akaanza kutupa picha zake za faragha kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa kwetu Usevya. Picha alizompa akiwa anamwamini. Skola alinipigia asubuhi. Hakuwa analia, alikuwa anaongea polepole kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Nikamwambia jiandae, tunakwenda polisi. Tulipanda pikipiki moja mishikaki, dereva, yeye katikati na mimi nyuma nimemkumbatia, na njia nzima nilikuwa nahisi moyo wake ukigonga mikononi mwangu.

Askari wa zamu akasema lete tuone. Akaona. Akamwita mwenzake, mwenzake akaja na kikombe cha chai. Mzee mmoja aliyekuja kuripoti mbuzi wake naye akarefusha shingo. Skola alikuwa anaangalia ukuta.

Ndipo mkono ukaja kutoka pembeni, mkono mrefu, ukaichukua ile simu na kuilaza kifudifudi juu ya kaunta.

"Hii simu si gazeti, jamani."

Sijui kama mtu anaweza kupenda mkono kabla hajaona uso. Mimi nilipenda.

Alitutoa pale akatupeleka kwenye benchi la nyuma, karibu na tenki la maji. Akamwambia Skola amrushie picha zote na yale mazungumzo kwenye WhatsApp yake, ziwe ushahidi, kisha azifute kwake zisimtese. Wakazifuta pamoja, moja baada ya nyingine. Akamsaidia kumzuia yule kijana asiweze kupiga wala kuandika. Kisha akamuuliza, "Umepumua, dada?" Skola akashusha pumzi. Mimi ndiye niliyelia. Akanipa kitambaa chake cha mfukoni, kilikuwa kimepigwa pasi mistari, na mpaka leo sijakirudisha.

Aliomba namba yangu ili atujulishe kesi inavyokwenda. Basi akawa anatujulisha. Mara anapita Usevya siku za mapumziko, mara ameleta asali ya Ugalla kwenye chupa ya soda, mara anamsaidia baba kufunga mpini wa jembe huku analiangalia dirisha la jikoni. Baba alipoona ng'ombe wa mahari wanazungumzwa kwa moyo mmoja hivyo, alisema yeye zizi hana, sasa wageni hao watalala wapi. Ah, siku zile. Nilikuwa nasikia pikipiki yoyote mbali naacha kutwanga.

Kesi yenyewe ikafifia. Tuliambiwa ushahidi hautoshi. Yule kijana akahama, tukasema tumwachie Mungu. Nilikuwa na mengi ya kunifurahisha, nikadhani na kwa Skola yameisha.

Kwenye harusi yetu MC aliipata hiyo habari, sijui nani alimpa. Akasema wengine wanakwenda polisi kushtaki, bibi harusi wetu alikwenda kukamata. Ukumbi ulivunjika mbavu. Skola alikuwa msimamizi wangu, amekaa kushoto kwangu na gauni la zambarau alilolishona mwenyewe, naye akacheka. Video ninayo, na wiki hii nimeirudia sana. Anacheka, ni kweli. Kisha anainama kurekebisha shela yangu, na shela yangu haikuwa na tatizo lolote.

Alhamisi Shija alirudi kutoka mafunzoni kimya. Nilikuwa nimepika wali wa kwetu na kuku, nimepaka hina kucha, nimevaa lile gauni analolipenda. Alikula kidogo, akasukuma sahani.

"Resti, kaa. Leo wametuonyesha makosa tunayofanya kila siku. La kwanza lilikuwa la kwangu."

Akanieleza. Picha na maneno yakirushwa kwenda simu nyingine, kinachobaki ni nakala. Ushahidi hasa ulikuwa kwenye simu ya Skola, pale penye namba ya yule kijana, siku na saa aliyotuma. Ile simu ndiyo ilitakiwa itunzwe ilivyo, ichukuliwe kwa utaratibu, iende kwa wataalamu. Yeye alichukua kivuli, akafuta mwili.

"Na kingine," akasema. "Picha za mtoto wa watu zikakaa kwenye simu ya mwanamume asiyemjua."

"Ulizifanyaje?"

"Nilizifuta kesi ilipokwama. Lakini yeye analijua hilo? Umewahi kunisikia nikimwambia?"

Nilikasirika. Ningetamani kuandika kwamba nilikasirika kwa ajili ya Skola. Nilikasirika kwa sababu alikuwa anaigusa siku yangu. Nikamwambia siku ile ulikuwa mwema, mume wangu, kwa nini unajichafua?

"Nilikuwa mwema," akasema. "Na nikaharibu. Vyote viwili."

Huo ndio ugomvi wetu wa kwanza. Hatukupigiana hata kelele. Niliondoa sahani.

Ijumaa nilishinda nawaza mambo ya zamani. Mimi na Skola tulilelewa kama pacha. Sekondari tulilalia godoro moja hosteli, tukipeana zamu ya upande wa ukutani. Likizo tulikuwa tunakuja mjini kupiga picha studio, mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege ya abiria. Tunavaa nguo za kuazima, mkono kiunoni, hatucheki, maana tuliambiwa ukicheka unatoka mbaya. Unasubiri siku kadhaa, unapewa picha yako moja, unaiweka kwenye albamu. Mkikosana na mtu, anakurudishia picha yako au anaichana mbele yako. Unalia, lakini ikichanwa imechanwa, imekwisha. Jamani, kumbe ile ilikuwa heri. Kukosana na mtu halafu habari ikaishia palepale miguuni penu, vipande viwili, unafagia.

Jana asubuhi Skola akapiga hodi. Alikuja mjini kununua nyuzi na vifungo, maana sasa ana cherehani yake na wateja wake.

"Nyie maharusi, mlango umefungwa mpaka saa hizi?"

"Pita ndani, acha uchokozi," nikamwambia.

Shija akatoka uani na ndoo. "Fundi wetu, karibu. Umekuja wakati mzuri, suruali yangu ya kazi inabana."

"Suruali haijabana, shemeji. Uliza huyo anayekupakulia."

Tulicheka wote watatu. Kisha akakaa, akatoa simu yake, akailaza mezani kifudifudi.

"Amerudi," akasema.

Ni yule kijana. Kafungua akaunti mpya yenye jina la Skola. Amechukua picha ya harusi yangu, Skola yuko na gauni la zambarau na maua mkononi, akaitengeneza. Sura ni ya Skola, mwili si wake, hauna nguo. Siku hizi hawahitaji hata umpe picha, programu zinafanya kila kitu. Na ujumbe amemwandikia pembeni: aje waonane peke yake nyumba ya wageni, asipokuja picha inakwenda kwa wateja wake wote na kwenye kundi la kwaya.

"Shemeji, nisaidie tufute," Skola akasema. "Kama siku ile. Siku ile nilipumua."

Maharage yangu yalikuwa jikoni, nikaenda kuyakoroga ingawa hayakuhitaji kukorogwa. Nilisikia Shija akiweka ndoo chini. Nilijua atasema nini na nilitamani asiseme. Asaidie kufuta, Skola apumue, turudi kucheka habari za suruali.

"Skola," akasema, "siku ile nilikosea."

Akamweleza yote kama alivyonieleza mimi, bila kujipunguzia. Skola alikuwa anazungusha kigurudumu cha uzi mezani. Shija alipomaliza, Skola akaniangalia mimi, si yeye.

"Kwa hiyo siku ile dada alipata mume. Mimi nilipata nini?"

Nilirudi kuyakoroga maharage.

Kisha akamgeukia Shija. "Na picha zangu, unazo?"

"Sina. Nilizifuta."

"Lini?"

"Kesi ilipokwama."

"Shemeji, kipindi chote ulichokuja kuchumbia, mimi ndiye nilikuwa nakuletea maji ya kunawa. Kila nikiinama na beseni najiuliza kama unazo mfukoni."

Aliyasema hayo kwa sauti ileile ya siku ile, ya mtu anayesoma maandishi ya mbali. Nami nilikuwa pale siku zote hizo, nikichungulia dirishani, nikiona mapenzi tu. Beseni niliona. Maji niliona. Mdogo wangu sikumwona.

Shija hakusema nisamehe haraka haraka kama tunavyosema wengi ili yaishe. Alikaa. Akamwambia kosa la yule kijana ni kubwa kisheria na safari hii kila kitu kiko humo ndani ya simu, akaunti, vitisho, saa, ila kikibaki kama kilivyo. Akamwambia yeye hataigusa kesi hiyo, kwa sababu ni shemeji yake na kwa sababu zile picha za kwanza ziliwahi kupitia mikononi mwake. Yuko afande mmoja wa kike waliyekuwa naye mafunzoni, hapa nimwite Afande Fides. Yeye ndiye atakayemsikiliza.

"Kaunta?" Skola akauliza.

"Chumbani."

"Mlango unafungwa?"

"Unafungwa. Ukitaka dada yako awepo, atakuwepo. Usipotaka, atakaa nje."

"Na simu watabaki nayo? Shemeji, vipimo vya watu wote viko humo. Pasaka hiyo inakuja. Nitawashona wateja kwa kukisia?"

Shija akaitikia kwa kichwa. Nikaacha mwiko, nikamwambia Skola vipimo tutavinakili kwenye karatasi kwa mkono, mimi na yeye, na simu yangu achukue atumie mpaka ya kwake irudi. Akaniangalia sana. "Hiyo simu imejaa harusi," akasema. Nikamwambia harusi ilishafanyika.

Halafu akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nalikwepa tangu Alhamisi. "Na wewe shemeji, hilo la zamani, wakubwa wako wakilijua?"

"Jumatatu namwambia mkuu wangu mwenyewe. Bora alisikie kwangu. Akinihamisha, nitahama."

Mapazia yangu mapya hayana hata mwezi.

Niliyaangalia mapazia, nikaangalia jiko langu, na kile kiti alichokitengeneza mwenyewe kwa ajili yangu kikiwa na mguu mmoja mfupi. Niliogopa. Naogopa hata sasa. Lakini nilivyomwona ameketi pale, mikono juu ya magoti, hajitetei, nilimpenda kuliko nilivyoupenda ule mkono wa kaunta. Wa kaunta nilimpenda bila kumjua. Huyu namjua.

"Sijasema ndiyo," Skola akasema.

"Hujasema," Shija akamjibu. "Na hakuna anayekusukuma."

Skola alilala kwetu. Jioni yote tulinakili vipimo: kiuno cha mwalimu, bega la mke wa mchungaji, hips za mama mmoja ambaye Skola anasema kila mwezi anadai vipimo vyake havijabadilika. Alicheka kidogo hapo. Kuhusu kwenda au kutokwenda hakusema neno. Leo kanisani wimbo ambao kwaya yake nayo huuimba ulipoanzishwa, hakuimba, alishika tu kitabu.

Nilikuwa nataka kumalizia hapa kwa swali, shajara yangu. Nilitaka niulize kama mtu anaweza kuikumbuka siku nzuri kuliko zote maishani mwake na bado akubali kwamba ndiyo siku mdogo wake aliachwa peke yake. Lakini Skola ametoka chumbani sasa hivi, nimeacha kuandika, nimerudi kuandika.

Simu yake ililia. Akaja mpaka hapa mlangoni, amejitanda shuka, akanionyesha kioo bila kuniachia simu. Yule kijana anampa mpaka kesho jioni. Chini yake ameweka ile picha tena.

Kidole gumba cha Skola kilikuwa juu ya picha, ameibonyeza, maandishi ya kufuta yameshatokea. Nikahisi maneno yananijia mdomoni, usifute mdogo wangu, nakuomba. Nikayameza. Wiki hii nimesema sana juu ya siku zisizo zangu. Mvua ilikuwa inapiga bati. Kisha akaondoa kidole, yale maandishi yakapotea, picha ikabaki.

"Dada, chaja ya simu hii mnayo?"

"Anayo Shija."

"Mwambie aniazime. Imebaki na robo tu, isije ikazimika mbele ya huyo afande." Akajivuta shuka begani. "Anaanza kazi saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Basi unanisindikiza wewe. Shemeji aende kwa mkuu wake, mimi niende kwa Fides, kila mtu na lake."

Ameichomeka pale ukutani karibu na kabati na amekaa chini kando yake, magoti kifuani, anaangalia alama ya betri inavyopanda. Shija amempelekea chai, ameiweka sakafuni kwa heshima, akarudi jikoni.

Kesho saa mbili nitakuwa nimekaa nje ya mlango uliofungwa. Sitauliza kitu mpaka atoke.